Gharama iishie kiwandani

Swali la juma hili liliuliza nani abebe gharama ya kuhakikisha kwamba simu, televisheni na tovuti zinatumika na watu wenye ulemavu: mtumiaji mwenyewe, wahisani, serikali au mtengenezaji. Jibu langu ni mtengenezaji, tena kwa kulazimishwa na sheria, na ninalitoa kwa kutazama hesabu kuliko huruma.

Mfano ulio wazi zaidi ni maandishi ya televisheni kwa ajili ya viziwi nchini Marekani. Vipindi vyenye maandishi yanayoweza kufunguliwa na mtazamaji vilianza kurushwa mwaka 1980, lakini ili kuyaona, kiziwi alilazimika kununua kifaa cha pekee na kukiunganisha na televisheni yake. Wengi hawakukinunua kwa sababu kilikuwa ghali, na vituo navyo havikuona haraka ya kuandaa maandishi kwa watazamaji wachache. Mwaka 1990 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyotaka kila televisheni yenye skrini ya kuanzia inchi 13, itakayotengenezwa au kuingizwa nchini kuanzia Julai 1993, iwe na uwezo wa kuonyesha maandishi hayo ndani yake. Gharama ikagawanywa katika mamilioni ya televisheni, na aliyenunua televisheni ya namna hiyo hakuhitaji tena kifaa cha ziada. Maandishi hayohayo leo yanasomwa na wenye kusikia pia, wakiwa mahali penye kelele au wakijifunza lugha ngeni, ingawa nisingependa hoja isimamie hapo, kwa maana haki ya kiziwi haipaswi kungoja hadi wengine nao wafaidike.

Kwa upande wa simu, mwaka 2009 iPhone 3GS ilitoka ikiwa na kisoma skrini, yaani programu inayomtamkia asiyeona yaliyomo kwenye skrini, ndani yake bila malipo ya ziada, wakati ambapo wasioona walizoea kununua programu za namna hiyo kando. Hata hivyo, kisoma skrini husoma kile tu ambacho mwandishi wa programu amekiandika. Kitufe chenye picha ya bahasha pasipo jina hutamkwa “kitufe” na hakuna zaidi, na ukurasa wenye vitufe kumi vya aina hiyo humwacha mtumiaji akikisia ni kipi kinachotuma fedha na ni kipi kinachofuta ujumbe. Kuandika jina hilo wakati programu inatengenezwa ni kazi ya dakika chache. Kurudi kulitafuta baada ya miaka, katika mamia ya kurasa zilizoandikwa na watu waliokwisha kuhama kampuni, ni kazi ya miezi. Tena hakuna anayeweza kujitetea kwamba hakuelekezwa, kwa kuwa miongozo ya kimataifa ya WCAG, inayoeleza jinsi ya kutengeneza tovuti zinazotumika na watu wenye ulemavu, imekuwapo tangu 1999 na toleo lake la 2.2 lilitolewa 2023.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, uliliona jambo hili: ibara yake ya 9 inazitaka nchi zihimize ufikivu wa teknolojia ya mawasiliano, yaani itumike na watu wenye ulemavu, tangu hatua za mwanzo za usanifu, ili gharama yake iwe ndogo kabisa.

Najua kuna kampuni changa zitakazolalamika, na kwa kiasi fulani zina haki. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya ufikivu wa bidhaa na huduma, iliyoanza kutumika tarehe 28 Juni 2025, imewaondolea wajibu huo watoa huduma wadogo mno, wenye wafanyakazi wasiofikia kumi. Wahisani na bima za umma nao wana nafasi yao, hasa kwa vifaa kama skrini ya nukta nundu, ambayo asiyeona huisoma kwa vidole, vifaa ambavyo wanunuzi wake watabaki wachache siku zote.

Serikali, kwa upande wake, ina nguvu isiyoitumia vya kutosha, nayo ni ya mnunuzi. Tangu mwaka 1998 sheria ya Marekani imezitaka idara za serikali kuu kununua teknolojia inayotumika na watu wenye ulemavu. Ningependa kila zabuni ya umma ya mfumo wa mawasiliano iwe na sharti kwamba malipo ya mwisho hayatolewi hadi watumiaji wasioona, viziwi na wasioweza kutumia mikono, nao wakiwa wamelipwa kwa kazi hiyo, wawe wameujaribu mfumo na kuukubali.