Kisu cha kuchimbia bustanini: angalia chuma kwanza, urembo baadaye

Kama unalima bustani, hata iwe ya makopo tu, na bado huna kisu cha kuchimbia, nakuomba sana ukifikirie, maana mimi nikiingia bustanini ndo kitu cha kwanza kushika na mara nyingi ndo cha mwisho kurudisha. Wajapani wanakiita hori hori, bapa lake huwa kama sentimita 15 hadi 18, limebonyea katikati, upande mmoja makali ya kawaida na upande wa pili meno ya msumeno.

Sasa kwenye kununua wengi wanakimbilia rangi ya mpini na ala ya kupendeza, jamani msianzie huko. Angalia chuma kinaishia wapi. Kisu kizuri chuma chake kinapita ndani ya mpini mpaka mwisho, utakiona kabisa kwenye kingo za mpini na ribiti zimebana mbao huku na huku. Kile ambacho chuma kimeingia kidogo tu kikashikwa na gundi, siku ukikutana na udongo mgumu ukakandamiza, mpini unaanza kucheza, na kisu kinachocheza mkononi kitakukata.

Chuma cha kaboni kinanoleka haraka na kinashika makali, ila kinapenda kutu. Chuma cha pua hakisumbui na kutu lakini kukinoa kunataka subira. Kama wewe ni mtu wa kusahau vitu nje usiku, chukua cha pua, yaani usijitese. Alama za sentimita ziwe zimechongwa kwenye chuma, maana za rangi mchanga unazifuta, na utazihitaji: maua yanayoota kutoka kwenye tunguu linalofanana na kitunguu, kama lili, yanafukiwa kina cha mara mbili hadi tatu ya urefu wa kitunguu chenyewe, kwa hiyo cha sentimita 5 kinashuka 10 mpaka 15.

Lakini pale kinaponifurahisha kabisa ni kwenye magugu ya mzizi mmoja mrefu. Ukiyavuta kwa mkono yanakatika shingoni, unadhani umemaliza, kumbe mzizi uliobaki chini unachipua tena. Chomeka bapa wima pembeni mwa mzizi, karibu kabisa, ule upande uliobonyea uelekee kwenye mzizi, kizamishe karibu na mpini halafu kizungushe kidogo kushoto na kulia mpaka udongo uachie, kitoe ukichomeke upande wa pili ufanye hivyo hivyo, ndo sasa shika gugu pale chini majani yanapoanzia uvute taratibu. Likija na mzizi mzima mpaka ile ncha nyembamba kama uzi, hapo umelimaliza. Fanya udongo ukiwa na unyevu wa mvua, ukiwa mkavu utaumia mkono bure.

Meno ya msumeno ni ya kugawa mashina yaliyosongamana na kukata mizizi isiyozidi unene wa kidole gumba, zaidi ya hapo tafuta msumeno wenyewe. Na mawe usiyang'oe na hiki kisu, hiyo ni kazi ya sururu, ukilazimisha bapa linapinda au ncha inavunjika. Mkono mwingine usiuweke mbele ya ncha hata kidogo, vaa glavu.

Ukishakata mmea mgonjwa, futa udongo kisha pangusa bapa kwa spiriti ya asilimia 70 kabla hujagusa mwingine, hapa sitanii kabisa, magonjwa mengi yanasafiri kwa vifaa vyetu wenyewe. Jioni kisugue kwa brashi, kikaushe, cha kaboni kipake mafuta kidogo. Makali yakififia pitisha tupa ukifuata ule mteremko uliopo, meno yaache. Na usikirudishe kwenye ala kikiwa na maji, hasa ala ya ngozi, inakaa na unyevu siku nzima na kutu inaanzia humo humo.