Jibu kwa dada wa Kabalagala: kabla ya krimu, nenda kapime damu

Dada, swali lako nililisoma jana usiku nikaliacha, leo alfajiri nikalirudia. Unasema una miaka 43, saluni yako ya Kabalagala, hapa Kampala, inaingia mwaka wa tisa, asubuhi unakaa kitandani unatazama viatu tu, wateja wanakukera hata wakikusalimia vizuri, na kwenye kioo chako mwenyewe unamwona bibi kizee. Halafu umeuliza matatu kwa mpigo: uuze saluni, au uende Zanzibar wiki mbili ukapumzike, na krimu gani inarudisha uso. Waliotangulia karibu wote wamekujibu la krimu. Mimi nitaliweka mwisho, maana haya yamenikuta na najua yalikoanzia.

Mimi ni Mnubi wa Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala, saluni yangu iko Ntinda hapahapa jijini, nasuka vichwa vya watu tangu 2004. Mwaka 2020 saluni zilipofungwa kwa ajili ya korona, kuanzia Machi hadi Julai, mwenye nyumba hakusamehe kodi hata ya mwezi mmoja. Nikakopa. Tulipofunguliwa nikaanza kufanya kazi siku saba kwa wiki ili nilipe deni, na 2022 nikafungua duka la pili ili lisaidie kulipa deni la duka la kwanza. Banange! Ukisikia mtu anafanya hesabu ya namna hiyo, ujue huyo ameshachoka zamani, anayeongea ni uchovu.

Msimu wa Desemba unaujua mwenyewe. Kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti, Ijumaa, harusi Jumamosi, na bibi harusi anataka ukae kwake saa kumi alfajiri. Usiku saa tano simu inalia: "Nnyabo (yaani mama), unaweza kunibandikia kope kesho kabla sijaenda kazini?" Najibu naweza. Nilikuwa najibu naweza hata kabla ya kusoma ujumbe wote.

Jumamosi moja ya Desemba 2023 nilikuwa nampasua binti mstari wa kati kwa kitana cha mkia. Mstari ukapinda. Nikafuta, nikapasua tena, ukapinda tena. Mkono ulikuwa unatetemeka kidogo tu, lakini kwa msusi kidogo hicho kinatosha. Nikainua macho nikamwona kwenye kioo anatabasamu, ana furaha yake, na nikamchukia. Hakunikosea chochote. Nilimchukia kwa sababu alikuwa pale na kichwa chake kinanisubiri. Nikamwita msichana wangu amalizie, nikaenda nyuma kukaa juu ya lundo la taulo chafu, na kilichonitisha ni kwamba sikuona hata aibu.

Wiki hiyohiyo draya yetu kubwa ikafa. Nikampelekea fundi, akafungua ule wavu wa nyuma, akavuta nywele na vumbi lililoshikana kama blanketi, kipande kizima cha ukubwa wa kiganja. Akaniuliza, "Mama, hii imejizima mara ngapi kabla ya leo?" Mara nyingi. Ilikuwa ikijizima tunaiacha dakika tano ipoe, ikiwaka tunaendelea. Akanieleza kuwa ndani kuna kidude kinachokata umeme joto likizidi, kinailinda, ila ukikilazimisha kila siku mwisho koili yenyewe inaungua. Nilimlipa nikaondoka bila kusema neno, lakini njia nzima kwenye boda nilikuwa nawaza ule wavu.

Kwa hiyo Zanzibar: nenda ukipenda, bahari nzuri. Mimi nilienda Jinja siku nne, nikalala karibu na mto, nikala samaki, nikarudi Jumanne nimetakata. Alhamisi nilikuwa palepale. Likizo ni zile dakika tano za draya.

Kilichonisaidia kwanza ni kitu kisicho na uzuri wowote: kipimo. Dada yangu mkubwa alinikokota kliniki. Presha 160 kwa 100. Damu, ile hemoglobini, 8.9, wakati mwanamke anatakiwa awe na 12 hivi au zaidi. Daktari akaniuliza kuhusu hedhi. Nikamwambia imekuwa nzito miaka miwili, inakuja siku kumi, inaondoka, inarudi inapotaka, lakini mimi nilijua ni mambo ya umri. Akasema ndiyo, ni umri, unaelekea kukoma hedhi, na ndiyo hiyo inayokumaliza damu. Nilikuwa na miaka 46. Joto la ghafla usiku, kuamka saa tisa moyo unakimbia, kusahau majina ya wateja wa miaka kumi, vyote nilikuwa nimeviweka kwenye kapu moja la "kazi nyingi".

Nenda kapime presha, damu, sukari na tezi ya shingo kabla hujajipa jina lolote. Wakikuandikia vidonge vya chuma, usivimeze na chai, chai inazuia chuma kisiingie mwilini. Mimi nilimeza mwezi mzima na chai ya maziwa, nikashangaa mbona sipandi. Ukimeza na juisi ya machungwa ni bora. Na uulize kwa nini damu inatoka hivyo, maana wakati mwingine ni uvimbe kwenye kizazi, haifai kubahatisha.

Lakini nisikudanganye, damu ilikuwa nusu. Ilipofika 11 nilikuwa na nguvu za kupanda ngazi, na bado sikutaka kumwona mteja. Hiyo nusu nyingine ni uchovu wa kazi, Waingereza wanauita burnout, ambao Shirika la Afya Duniani liliuelezea mwaka 2019 katika orodha yake ya magonjwa, likasema wenyewe si ugonjwa, ni hali inayoletwa na msongo wa kazi usiodhibitiwa kwa muda mrefu. Una sura tatu: kuishiwa nguvu, kuiweka kazi mbali na moyo mpaka unaidharau, na kuona unachofanya hakileti tija. Nilipoisoma ile ya pili nikamkumbuka yule binti kwenye kioo.

Nikaenda Bombo, wiki tatu, simu nikamwachia msichana wangu. Haboba, mama yake mama, alikuwa na miaka 84. Anakaa chini kwenye mkeka tangu asubuhi anasuka vikapu vyake vya rangi, na akitaka kusimama anasimama tu. Anakunja goti moja, mguu mwingine anaukanyagia, juu. Siku ya pili nilikuwa nimekaa naye, adhana ikalia, akainuka, mimi nikatafuta ukuta wa kushika. Akanitazama. Hakusema kitu, akanipa mkono. Mwanamke wa miaka 84 akamvuta mwanamke wa miaka 46 kutoka kwenye mkeka.

Msiniletee hapa ile hadithi kwamba wazee wa zamani hawakuugua. Haboba amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, vidole vyake vinakakamaa asubuhi, na amezika watoto watatu. Uso wake una makunyanzi hadi masikioni. Ila anasimama, anatembea hadi kwa jirani, anabishana na bei sokoni, anajua leo ni siku gani. Nami kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nauzia wanawake ujana wa usoni, huku magoti yangu yamezeeka kuliko ya bibi yangu. Nilikuwa nauza kitu ambacho sikukijua.

Tangu hapo kila asubuhi naweka mkeka chini, nakaa, nasimama bila kushika kitu. Nilianza na mara tatu, nikitoa sauti kama ng'ombe. Sasa kumi na tano. Jerikeni ya lita kumi naibeba mkono huu, narudi nayo mkono ule. Misuli inapungua polepole kadiri miaka inavyoenda, na hedhi ikikoma mifupa nayo inalegea haraka zaidi, kwa hiyo kubeba kitu kizito si kazi ya vijana wa jimu peke yao. Na mukene nimewarudia, wale dagaa wadogo wanaoliwa na mifupa yake, ndiyo kalsiamu ya bei nafuu kuliko zote Kampala. Wateja wangu wanacheka saluni ikinuka mukene saa saba mchana. Wacheke.

Sasa duka. Hapa ndipo wengi wanapotaka maneno matamu, na sina. La pili nililifunga, nikapoteza kodi ya miezi miwili niliyokuwa nimelipa mbele. La kwanza nikabadilisha utaratibu: vioo vitano, nikabaki na viwili, vitatu nikawakodisha wasusi wanaojilipa wenyewe. Jumatatu tumefunga. Simu ya kazi inazimwa saa mbili usiku. Bibi harusi analipa nusu mbele na anakuja yeye saluni, mimi siendi kwake saa kumi alfajiri tena, labda awe binti wa ndugu yangu. Nilinunua stuli yenye magurudumu ya shilingi 180,000 ili nisuke nimekaa. Kwa nini nilisimama miaka kumi na tisa sijui, hakuna sheria inayosema msusi asimame. Dawa ya kunyoosha nywele yenye fomalini nimeiacha, ile inayokutoa machozi ukiipitishia pasi. Mteja anaivuta mara mbili kwa mwaka, wewe unaivuta kila siku.

Kipato kilishuka, karibu theluthi, kwa miezi minane. Deni nikaongea na walionikopesha, wakaniongezea muda. Nigiina, vile vikundi vya wanawake vya kuchangiana na kutunzana zawadi, nilikuwa na tatu, nikatoka mbili, na huko ndiko nilikosemwa kuliko kote, eti nimeringa. Kuongea na mwenye deni kulikuwa rahisi kuliko kuongea na marafiki zangu wa nigiina, nawaambia ukweli.

Kuuza? Usiuze mwezi huu. Mtu aliyechoka anauza kwa bei ya kutupa ili tu simu inyamaze. Punguza kwanza, kaa miezi sita, ndipo uamue. Inawezekana ukauza hata hivyo, na itakuwa sawa.

Haya, krimu. Nitasema mabaya yangu: nilikuwa nauza mkorogo, ile krimu ya kuchubua ngozi. Nilichanganya mwenyewe nyuma ya saluni, ulikuwa unanilipia umeme. Nilichoona ni mashavu yanang'aa miezi mitatu, kisha vifundo vya vidole vinabaki vyeusi kama vya mtu mwingine, na baada ya miaka mashavu yanatoka madoa ya rangi ya wino ambayo hayaondoki hata uache. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Uganda, na bado mtu akitaka anapata. Zile za steroidi zinachuna ngozi mpaka mishipa inaonekana. Kama unatumia, usiache ghafla bila daktari wa ngozi, uso utakulipukia.

Kinachozeesha uso hapa kwetu, ukiacha usingizi, ni jua. Kampala iko karibu na mstari wa ikweta, tena juu, mita kama 1,200. Weusi wetu unatukinga kiasi, hautukingi kote. Mwavuli, kofia, mafuta ya kukinga jua kama unayamudu. Usiku mimi napaka moo yaa, shea ya kaskazini, ile ya Waacholi na Walango. Ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, inayeyuka kwenye kiganja. Haizuii jua na haifuti makunyanzi, inalainisha tu, na inanitosha.

Mvi zangu natia hina kama haboba, zinatoka rangi ya kutu. Hina ya majani, si ile nyeusi ya pakiti, nyeusi mara nyingi imetiwa rangi ya nywele na inachoma ngozi. Jumatano nimeitenga kwa wateja wa miaka 50 kwenda juu: nywele fupi, kucha, kuangalia miguu ya wenye sukari kama ina kidonda, na wale ambao rasta za kubana zimewanyonyoa pembeni mwa paji. Hawana haraka, wanalipa bila kubishana, na wananifundisha mengi kuhusu waume. Ndiyo siku pekee ninayowahi kufika kabla ya wasusi wangu.

Ukishapima rudi hapa utuandikie namba zako, presha na damu, tuzisome pamoja. Jumatatu nipo. Siku nyingine siahidi.