Shangazi, nimehamia Kigoma ila mwili bado uko kwenye basi

"Shikamoo shangazi. Mi ni mdada wa miaka 34, nimekuwa mhudumu wa basi la Dar–Kigoma miaka 9. Mwezi wa tatu niliacha kazi nikapanga chumba na sebule hapa Gungu, nikafungua kibanda cha uwakala wa kutuma na kutoa pesa. Nilichagua Kigoma kwa sababu kila wiki nilikuwa nalala hapa, nikajiona naujua mji. Kumbe najua gesti na stendi tu. Saa kumi alfajiri nashtuka nikidhani gari limeniacha. Jioni nikifunga kibanda najikuta nimeshapanda bodaboda naenda stendi kupokea gari letu. Majirani wananiita 'yule wa basi', na wake za watu kwenye hii nyumba nikisalimia waume zao wananuna. Mpaka leo naogea visabuni vya gesti. Dereva wetu ananipigia kila siku nirudi, nafasi ipo. Nirudi?"

Marahaba mwanangu.

Nilicheka hapo kwenye visabuni, afu nikasoma tena nikaacha kucheka, maana mtu anayeogea kisabuni cha gesti kwenye nyumba anayolipia kodi mwenyewe hajahamia bado, amepumzika tu anasubiri honi.

La usingizi nisilikuze sana. Mwili wako umefundishwa miaka yote hiyo kuamka kabla ya jogoo, na tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023 nadhani ndo ukavurugika kabisa, leo unalala mchana kesho usiku. Utarudi wenyewe taratibu. Punguza tu yale makopo ya enaji, najua mlikuwa mnakunywa kama maji, na ukiona miezi inapita bado hulali basi nenda hospitali wakuangalie, usianze kununua vidonge vya usingizi dukani kwa kushauriwa na muuzaji.

Ila kwa kuwa saa kumi unakuwa macho, tuitumie. Sali, fagia, chemsha chai yako, kukipambazuka chukua boda ushuke mwalo wa Kibirizi. Miaka yote umebeba dagaa wa Kigoma kwenye buti mpaka nguo zako zinanuka, nakuhakikishia hujawahi kuwaona wanashuka kwenye mtumbwi. Watu wametoka kuvua na taa usiku kucha, macho mekundu, wanawake wanagombania beseni, wengine wameshaanza kuanika na kugeuza kwa mkono. Chagua mama mmoja tu hapo, mmoja, ununue kwake kila ukienda hata kama wa pembeni anauza nafuu kidogo. Siku za giza utapata mzigo wa kutosha, mbalamwezi ikiwaka taa zao hazina kazi, wengi wanapumzika na bei inapanda, na yeye ndo atakayekuambia leo usinunue rudi wiki ijayo. Siku ukikosa kwenda akauliza "juzi mbona sijakuona", hapo mwanangu ujue umeanza kukaa Kigoma. Kwenye basi abiria alikupenda usiku mmoja, ukampa soda na biskuti, akakuita dada mzuri, akashuka. Huku mtu anataka akuone weee mpaka akuzoee, ndo akupende, na hilo halina shotikati.

Sasa twende kwa wake za watu, maana naona ndo panapokuuma hata kama umeandika mstari mmoja.

Mwanamke aliyepanga peke yake, hana mume anayeonekana, katoka kwenye kazi ya mabasi, anachangamka na kila mtu. Unajua wanachosema na mi najua, tusidanganyane. Ni uonevu, kazi yako ilikuwa halali na umeila kwa jasho, lakini ukikaa kusubiri waombe msamaha utazeeka. Kosa dogo unalofanya ni kusalimia kama mhudumu. Kwenye gari ulifundishwa kumchangamkia anayekaa siti ya mbele, haijalishi ni nani. Uani ni tofauti, unaanza na mama wa nyumba, unauliza watoto, unauliza mguu wa bibi umeendeleaje, afu baba anapata "shikamoo" au "habari za kazi" yake moja fupi unapita. Na simu za wateja wa kiume usiku, "nitumie nitakupa kesho", kata kabisa, kibanda kikifungwa kimefungwa. Kwanza ni usalama wa floti yako, hiyo hela unayozungushia kibandani.

Afu subiri msiba au shughuli. Simuombei mtu mabaya, ila mtaani misiba ipo. Ukisikia turubai linafungwa, usiende ukakaa kwenye mkeka wa mbele umejifunika mtandio kama mgeni rasmi. Toa mchango wako kwa anayeandika daftari, afu pita moja kwa moja nyuma kwenye masufuria. Kuna ungo wa mchele hapo unahitaji kuchambuliwa, kuna vitunguu, kuna ndizi za kumenya. Vaa kanga, kaa chini, shika kisu. Hakuna atakayekuuliza wewe nani wala ulikuwa unafanya kazi gani, utaulizwa tu chumvi iko wapi. Kaa mpaka vyombo vioshwe, hapo kwenye kuosha vyombo ndo maneno yote ya mtaa yanapotoka na ndo utakapojua nani mkorofi kweli na nani alikuwa ananuna tu kwa sababu hajui akuanzeje. Kesho yake yule mama aliyekuwa anakunyima salamu atakuja kibandani kutoa elfu kumi, na atakaa.

Ila vikoba vyao usikimbilie, jua kwanza watu. Na kama hujajitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa nenda wiki hii, siku ukihitaji barua ya utambulisho utanikumbuka.

Hilo la "yule wa basi" mbona mi naliona zuri. Huu mji umejaa watu waliokuja, pale Ujiji utakutana na Wamanyema wengi ambao wazee wao walivuka ziwa kutoka Kongo, na reli ilipofika hapa 1914 ikaleta wengine tena, leo nani atamwambia Mmanyema wa Ujiji kuwa ni mgeni? Wamekuita kwa kile wanachokijua kwako. Swali ni unakifanyia nini.

Nakuambia cha kufanya. Hapo Gungu kila nyumba ina mtu wake Dar, na kila mtu wa Dar anataka dagaa na mawese ya nyumbani. Wanaogopa kutuma. Dumu linamwagika kwenye buti, mzigo unapotea, konda anajifanya hakumbuki. Wewe unajua konda gani mwaminifu na gari gani buti lake linavuja vumbi, unajua kuweka nailoni chini ya kifuniko ndo ukaze, na dumu lisimame lisilazwe. Hiyo elimu umeipata kwa miaka 9 na imekaa bure. Andika ubao kibandani, pokea mizigo, mpe mtu karatasi yenye namba ya gari na simu ya konda, chukua kakamisheni kadogo. Stendi utaenda bado lakini mara mbili kwa wiki na una mzigo wa jirani mkononi, siyo kila jioni kwenda kuangalia watu wanaosafiri bila wewe.

Kurudi barabarani sikukatazi, hela ya posho ilikuwa nzuri nadhani na mwili bado unao. Ila usiamue saa hizi, maana hujajaribu kukaa bado. Jipe mpaka mvua za mwaka huu ziishe, ukiona bado moyo unakataa, basi rudi, chumba usikiachie.

Na huyo dereva akipiga leo, mwambie hurudi, ila Alhamisi una madumu matatu ya mawese ya kwenda Mbagala na unataka yakae upande wa kivuli.