Kwa anayeanza kusoma vitabu vya sanaa ya Renaisansi

Usianze na kitabu kinene kinachoahidi kukueleza zama zote za Renaisansi, yaani mwamko wa sanaa ulioanzia Italia takriban karne ya 14 hadi ya 16, kutoka mchoraji Giotto hadi mchoraji Tiziano. Utakimaliza majina yamekuchanganyika kichwani. Chagua mchoraji mmoja, hata mchoro mmoja, umsome mpaka umzoee. Kisha fuata mwalimu wake, washindani wake, na waliomlipa.

Kabla ya maelezo, soma vipimo vilivyoandikwa chini ya picha. Kitabuni, Mona Lisa na Karamu ya Mwisho, zote kazi za Leonardo da Vinci, huweza kujaza ukurasa uleule. Mona Lisa ni sentimita 77 kwa 53 tu. Karamu ya Mwisho imechorwa Milano, kwenye ukuta wa chumba cha kulia cha watawa, na upana wake unakaribia mita 9. Chukua futi na chaki, pima ukutani kwako. Ukishaona tofauti hiyo kwa macho, maelezo ya mwandishi yataanza kukuingia.

Halafu kuna Giorgio Vasari, mchoraji na mwandishi wa Italia wa karne ya 16. Kila kitabu utakachoshika kitamtaja, kwa sababu masimulizi yake ya maisha ya wasanii, yaliyotoka mwaka 1550 na kupanuliwa 1568, ndiyo chimbuko la mengi tunayoyajua. Msome, tena kwa raha, maana anasimulia vizuri mno. Ila usimmeze mzimamzima. Anasema Andrea del Castagno alimuua mchoraji mwenzake, Domenico Veneziano, kwa wivu. Kumbukumbu za mji wa Firenze (Florence), Italia, zinaonyesha Castagno alifariki 1457, naye Domenico 1461. Anayedaiwa kuuawa aliishi karibu miaka minne baada ya muuaji kufa! Hata hivyo, Castagno alibeba doa hilo kwa karne kadhaa, na mimi bado linaniuma kwa niaba yake. Kwa hiyo weka daftari la tarehe kando: nani alizaliwa lini, alifariki lini, alikuwa mji gani.

Ninachokipenda kuliko vyote ni mikataba kati ya wachoraji na wateja wao. Mwaka 1485 Domenico Ghirlandaio alikubali kuchora ujio wa Mamajusi kwa ajili ya nyumba ya kulelea watoto waliotupwa, Firenze. Mkataba ulitaja florini 115 (sarafu za dhahabu za Firenze), muda wa miezi 30, na buluu yenye thamani ya takriban florini nne kwa aunsi. Buluu hiyo ilisagwa kutoka kwenye jiwe lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan. Gharama za rangi zilikuwa juu ya mchoraji, na malipo kamili yalitegemea kama mteja ataiona kazi inastahili. Hapo unamwona fundi mwenye karakana na bili za kulipa. Vitabu vinavyochapisha nyaraka hizi mara nyingi havina picha nyingi wala jalada la kuvutia. Viulizie maktabani.