Umekwama kwa babu? Anza na bibi

Mkuu umesema unajua jina la babu yako tu na kwenu ni Songea, hujui uanzie wapi kutafuta ukoo wako. Kabla hujagusa intaneti mpigie bibi au shangazi mkubwa, tena fanya wiki hii maana wazee hawasubiri. Na usimuulize "ulizaliwa mwaka gani", atakwambia sikumbuki mazungumzo yaishie hapo. Muulize wakati wa uhuru alikuwa ana mtoto gani mgongoni, tulivyohamishiwa vijiji vya ujamaa nani alikuwa ameshaolewa, hapo sasa utapata mambo. Mimi bibi yangu nilimkuta anachambua maharage, nikaweka simu pembeni inarekodi (nilimwomba kwanza), saa nzima akanitajia ndugu zake wote na waliokufa wadogo, ambao hata baba alikuwa hawajui.

Andika majina yote ya mtu mmoja, la nyumbani, la ubatizo na la kazini, la sivyo utamhesabu mara tatu kama mimi lol.

Kama kwenu ni wakatoliki nenda parokia ya zamani ukaombe kwa upole daftari la ubatizo, mara nyingi lina majina ya wazazi na msimamizi. Peramiho, karibu na Songea, wamisionari walifika 1898 ila misheni ikachomwa 1905 kwenye vita vya Maji Maji, so madaftari ya nyuma ya hapo usiyategemee sana.

Upande wa mama usiuache, bibi mzaa mama naye ana ukoo wake.