Uliza Ujibiwe: Kadi za michango na kiwanja cha Chanika

SWALI: Nauza dukani Kariakoo, nalipwa laki 7 mkononi, na kila mwezi namtumia mama elfu 50. Nataka kiwanja Chanika, mita 20 kwa 20, bei milioni 3. Kila mwezi naweka akiba, kila mwezi naitoa. Mwezi uliopita nililetewa kadi tatu za harusi. Niweke vipi mipaka bila kugombana na watu?
Dada wa Gongo la Mboto

JIBU: Dada, lengo lako si milioni 3. Kabla ya kumlipa muuzaji kuna upekuzi wa umiliki ofisi ya ardhi, mwanasheria wa mkataba wa mauziano, na nauli za kwenda kuhakiki mipaka. Tenga 600,000 kwa hayo. Jumla milioni 3.6, yaani 150,000 kwa miezi 24. Itoke siku ileile mshahara unapoingia, iende kwenye akaunti isiyo na kadi wala isiyounganishwa na simu. Akiba inayokaa laini moja na pesa ya nyanya haidumu.

Kisha kodi. Kama mwenye nyumba anadai miezi 6 kwa mkupuo, tuseme 600,000, weka 100,000 kila mwezi. Wengi hudhani starehe ndiyo inawamalizia akiba, kumbe ni kodi hii isiyotengwa.

Inabaki 450,000. Chakula cha nyumbani 150,000, nauli na chakula cha mchana 5,000 kwa siku 26, yaani 130,000, umeme, maji, gesi na bando 50,000, mama 50,000. Ile 70,000 ya mwisho igawe: michango 30,000, dharura 20,000, na 20,000 ya kwako, ya saluni au chochote. Hii ya kwako usiifute hata kidogo. Ukijibana mno, wiki ya pili utavunja kila kitu ukimbilie mkopo wa simu, na kukopa 50,000 ukarudisha 55,000 baada ya mwezi ni riba ya asilimia 10 kwa mwezi mmoja.

Sasa hizo kadi, maana ndizo zinazokuumiza. Kadi imeandikwa singo 50,000, dabo 100,000, na fungu lako la mwaka mzima ni 360,000. Kadi tatu kwa mwezi mmoja zimekula karibu nusu yake. Kaa chini uandike majina matatu tu ya kuchangia kadi kamili mwaka huu: ndugu wa damu, au aliyesimama nawe kwenye msiba. Hiyo ni 150,000. Kwa 210,000 iliyobaki unaweza kuwashika mkono watu 21, kila mmoja elfu 10.

Kosa linalowaponza watu ni kuandika ahadi kwenye grupu la WhatsApp kwa sababu jina la juu yake limeandika laki. Ahadi ikishaandikwa ni deni, na mweka hazina hatakuacha. Mpigie mwenye shughuli kabla orodha haijaanza: “Dada yangu, kadi sitaimudu, nitakuletea elfu kumi na siku yenyewe nitakuja kusaidia kupika.” Taja kiasi. Ukisema “nitaangalia”, mwenzako anasikia ndiyo. Msiba hauna kadi wala ratiba. Mchango wake utoke kwenye fungu la dharura.

Jambo dogo: toa pesa ya wiki nzima mara moja. Kutoa 10,000 mara kumi kwa wakala kuna makato makubwa kuliko kutoa 100,000 kwa mkupuo.

SWALI: Mimi ni bodaboda. Nikishatoa mafuta na hesabu ya bosi, siku nyingine nabaki na 30,000, nyingine 8,000. Mipaka ya mwezi naiwekaje?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Iweke kwa siku, tena uipime kwa siku mbaya. Andika unachobaki nacho kwa wiki 4, chukua wiki ya chini kabisa, gawa kwa siku ulizofanya kazi. Ikija 9,000, matumizi ya nyumbani yasipite 8,000 hata siku ya 30,000. Katika kinachozidi, tanguliza oili na matairi, kinachofuata ni cha lengo lako, na kipeleke kwa wakala wa kijiweni kabla hujawasha pikipiki kurudi nyumbani.