Mapinduzi ya Viwanda au mapinduzi ya kiviwanda?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninafundisha historia sekondari hapa Morogoro, na ninawaandalia wanafunzi wangu maelezo kwa Kiswahili kuhusu Uingereza ya karne ya 18. Kila nikiandika "Mapinduzi ya Viwanda", mwenzangu wa ofisini anafuta na kuandika "mapinduzi ya kiviwanda". Kwingine nimekuta "mapinduzi ya tasnia". Sentensi iliyotuzulia ubishi ni hii: "Kabla ya mapinduzi ya kiviwanda watu walifuma nguo katika viwanda vya nyumbani, kisha vibarua wakaajiriwa katika karakana kubwa." Tuandike vipi?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Andika Mapinduzi ya Viwanda, kwa herufi kubwa, maana ni jina la tukio.

Mwenzako hakukosea kwamba "kiviwanda" ni Kiswahili. Ile ki- ya namna tunaitumia kila siku: kijeshi, kiuchumi, kivita. Ukisema nchi fulani imeendelea kiviwanda, umeeleza imeendelea kwa upande gani, na hakuna wa kukusahihisha. Lakini mapinduzi ya kijeshi ni yale yaliyofanywa na jeshi, kwa mabavu ya jeshi. Huko Uingereza viwanda havikuwa namna ya kupindua kitu kingine. Vyenyewe ndivyo vilivyoyapindua maisha ya watu, kwa hiyo vitajwe vyenyewe. Tasnia nayo tumeizoea kwa shughuli pana ya kiuchumi, kama tasnia ya filamu au tasnia ya habari, hata pasipo na jengo wala mashine. Ukiipeleka karne ya 18, linapotea jambo ambalo neno kiwanda limelibeba vizuri kuliko lugha nyingine ninazozifahamu.

Yatamke pamoja: uwanda, uwanja, kiwanja, kiwanda. Ni maneno ya ukoo mmoja. Uwanda ni nchi tambarare, kiwanja ni kipande cha ardhi ya kujengea, na kiwanda cha wazee wetu kilikuwa mahali mafundi walipokusanyika kufanya kazi, iwe ni uani au chini ya banda. Neno halikutaja chombo wala mashine, lilitaja mahali. Waarabu tukio hili wanaliita kwa mzizi uleule uliotupa sisi neno sanaa, yaani wametazama ufundi wa mkono. Waingereza wamelijengea neno ambalo asili yake ni bidii ya mtu. Sisi tumetaja mahali, na ukiifuata historia yenyewe utaona kwamba mahali ndipo palipobadilika.

Chukua nyumba ya mfumaji wa Lancashire, jimbo la kaskazini-magharibi mwa Uingereza, mwanzoni mwa karne ile. Watoto wanachambua pamba, mama anasokota uzi, baba yuko kwenye kitanda cha mfumi (ndivyo wazee wa pwani walivyokiita chombo cha kufumia, na ninatamani jina hilo lirudi vitabuni). Mfanyabiashara analeta pamba na kurudi kuchukua nguo. Hakuna anayevuka kizingiti kwenda kazini. Katika miaka ya 1760 James Hargreaves akabuni mashine yake ya kusokotea, ile iitwayo jenny, iliyosokota nyuzi 8 kwa mpigo mmoja. Hata hiyo ilizungushwa kwa mkono, na zile ndogo zilitosha kuwekwa chumbani. Kwa hiyo mashine ilikwishakuwapo, na kiwanda bado.

Kilichowatoa watu majumbani ni fremu ya kusokotea ya Richard Arkwright, aliyoiwekea hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) mwaka 1769. Ilikuwa kubwa na nzito, ikataka nguvu ya maji kuiendesha. Mto hauletwi chumbani, basi watu ndio waliofuata mto. Mwaka 1771 Arkwright na washirika wake wakaanza kujenga kiwanda cha kusokotea pamba huko Cromford, katika jimbo la Derbyshire, na kazi ikawa ya usiku na mchana, zamu mbili za saa 12 kila moja. Mwaka 1776 akawajengea watu wake safu ya nyumba za ghorofa tatu, na ghorofa ya juu kabisa ikawekewa madirisha marefu ili mfumaji apate mwanga. Zitazame nyumba hizo kwa makini. Baba amebaki juu anafuma kama babu yake alivyofuma, na mkewe na watoto wameshuka kwenda kusokota kwa Arkwright. Familia ni ile ile, wa juu yuko nyumbani na wa chini wako kiwandani. Miaka kadhaa baadaye mashine za kufuma zikaenea, na yule wa juu naye akashuka.

Ndiyo maana "viwanda vya nyumbani" katika sentensi yako vinanisumbua. Katika mazungumzo ya leo kuhusu ujasiriamali sina ugomvi nalo, wote tunaelewa maana yake. Katika somo hili linafuta tofauti yenyewe unayotaka mwanafunzi aione. Andika "majumbani mwao", inatosha.

Karakana umeipeleka mahali pasipo pake. Neno hili asili yake ni Kiajemi, kar ni kazi na khana ni nyumba, khana ile ile unayoisikia katika jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia. Huko India limekuwa kiwanda moja kwa moja. Kwetu limetulia kwa fundi na vifaa vyake: karakana ya reli, karakana ya seremala, karakana ya magari. Ndani ya karakana mwendo wa kazi unashikwa na fundi, naye anaweza kuanza kiti na kukimaliza. Kiwandani mwendo unashikwa na mashine. Mtoto aliyeunga nyuzi zilizokatika kutwa nzima hakuona nguo ikikamilika mikononi mwake. Kwa hiyo sentensi yako imebadilishana maneno: kiwanda umekipeleka nyumbani, na karakana umeipeleka kwenye viwanda.

Ukitaka neno la tatu, lipo la kinu. Waingereza mpaka leo viwanda vile vya pamba wanaviita kwa neno lao la kinu, maana vya kwanza viliendeshwa na gurudumu la maji kama vinu vya kusagia nafaka. Kiswahili nacho kilipita njia hiyo. Tulikuwa na kinu cha kutwangia, tukawa na kinu cha kukamulia ufuta kinachozungushwa na ngamia, halafu ikaja mashine ya mvuke na watu wakaiita kinu cha moshi. Ni jicho lililotoa jina: merikebu ya moshi, gari la moshi. Ila katika maelezo yako andika "injini ya mvuke" kwa ile ya James Watt, na usiwape Cromford mvuke mwaka 1771. Hapo mwanzo kulikuwa na maji tu.

Sasa kibarua, neno ninalolipenda na linaloniuma. Ni barua ndogo, basi. Zanzibar na Mombasa, karne ya 19, mtumwa aliweza kutumwa na bwana wake kutafuta kazi ya ujira wa siku mjini, akapewa karatasi ya kuonesha amefanya kazi. Ujira ukigawanywa, fungu lilikwenda kwa bwana. Polepole jina la karatasi likamhamia mtu. Sarufi bado inakumbuka safari hiyo. Tukisema "kibarua amefika" tunamtaja mtu, tukisema "kibarua chake kimeota nyasi" tunaitaja kazi iliyopotea. Katika matumizi yote mawili kuna wazo la siku moja moja: leo upo, kesho hujui.

Wafanyakazi wa Cromford hawakuwa vibarua kwa maana hiyo. Walirudi kila siku, saa ile ile, kwa mashine ile ile. Wako pia watoto waliotolewa katika vituo vya maskini na kupelekwa kwenye vinu vingine, wakafungwa kwa mkataba mpaka wafikie utu uzima. Kibarua anaweza kuamka na kusema leo siendi. Mtoto yule hakuweza. Sheria ya Viwanda ya 1833 ndiyo iliyokataza viwanda vingi vya nguo kuajiri walio chini ya miaka 9, na kuwawekea wa miaka 9 hadi 13 mwisho wa saa 9 kwa siku. Kwa wote hao andika "wafanyakazi wa viwandani", na kwa wale wa vituoni "watoto waliofungwa kwa mkataba". Usishawishike kuandika manamba. Hilo ni la mashamba ya katani ya Tanganyika, mtu alipoitwa kwa namba badala ya jina lake, na maumivu yake yana historia yake.

Kwa kuwa uko Morogoro, nikuongezee neno moja la kuliingizia somo lako darasani: merikani. Ni nguo nzito ya pamba isiyopaushwa, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na merikebu za bandari ya Salem, hasa baada ya mkataba wa biashara wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar. Misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilipita upande wenu na mizigo ya merikani mabegani, nguo ikitumika kama fedha, kwa kununulia pembe za ndovu na kulipia njia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipoanza, merikani ikaadimika hadi huku, na nguo za Uingereza na India zikapata nafasi. Mwambie mwanafunzi amuulize bibi yake kama analijua neno hilo.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Kabla ya Mapinduzi ya Viwanda watu walisokota uzi na kufuma nguo majumbani mwao, kisha wanaume, wanawake na watoto wakaajiriwa katika viwanda vya pamba." Watoto nimewaongeza mimi. Wewe uliandika watu na vibarua tu, na wengi wa walioziunga nyuzi zile walikuwa wadogo kuliko wanafunzi wako wa kidato cha kwanza.